Radhi Niliyoombewa

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi si mvivu. Niite mkali, nitakubali. Niambie nina mdomo, nitacheka, maana hata marehemu mume wangu aliniambia hivyo na akafa ananipenda. Lakini mvivu, hapana, hilo silimezi. Nimeshona kola kwenye kiwanda cha nguo pale Nasinu, hapa kwetu Fiji, tangu Salote wangu yuko tumboni, na sasa Salote anasomea unesi Lautoka. Wapo watoto wa shule kule New Zealand waliovaa kola zangu mpaka wakaota ndevu. Sijawahi kurudishiwa shati kwa sababu ya mkono wangu.

Kazi hiyo ndiyo iliyonisimamisha baada ya mume wangu kufa. Nyumba yangu iko nyuma ya nyumba ya kaka yangu Eroni, huku Nausori karibu na mto, na kila mtu alidhani mjane atahamia jikoni kwa kaka yake, akae ale magimbi ya watu. Sikuhamia. Asubuhi nilipanda basi na wenzangu, jioni nikarudi na mkate wangu na samaki wangu wa kopo, na Salote akaendelea na chuo. Mtu akiniuliza kwa nini niling'ang'ania kazi ile hivyo, jibu ni hilo. Sikutaka kula kwa mkono wa mtu, hata mkono wa kaka ninayempenda.

Na kumpenda nampenda, ingawa hatuongei. Usishtuke. Kwetu mwanamume na dada yake wakishakuwa watu wazima hawaongei uso kwa uso. Ni heshima, ndivyo tulivyolelewa. Hatukai mkeka mmoja, hatutaniani, hatuitani majina. Akitaka nijue jambo anamwambia mkewe Ateca, na Ateca ananiletea. Akipita karibu na mlango wangu anakohoa, ili nijue ni yeye nijitengeneze. Kuna msumari nje ya dirisha langu, na asubuhi nyingi nikifungua dirisha nakuta samaki ametundikwa pale, wala sina haja ya kuuliza ametoka kwa nani. Ukikulia katika mambo hayo unaujua ukimya wa mtu anayekuheshimu. Unausikia kabisa.

Mvua za mwaka ule mto ulipanda ukaingia ndani. Nilikanyaga maji yale nikiokoa cherehani yangu ya nyumbani, na mguuni nilikuwa na kidonda. Haikupita muda nikawaka moto, macho yakawa ya njano, mkojo ukakauka. Daktari alisema ni ile homa inayotokana na mkojo wa panya kwenye maji ya mafuriko, na kwamba imeshapiga figo. Lakini kabla ya kumfikia daktari kulikuwa na barabara ya matope ambayo gari halipiti. Eroni aliingia ndani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nihamie pale, akachuchumaa akanipa mgongo, Ateca akanipandisha, akanibeba mpaka kwenye lami. Njia nzima hakusema neno. Nilimsikia anahema, na nadhani alikuwa analia, ila uso sikuuona. Alinipakia kwenye lori, akaenda kusimama mbali, akiwa ametupa mgongo, mpaka lori likaondoka.

Nilikaa likizo ya ugonjwa mpaka wodi nzima ikanijua jina langu, Vasiti. Niliporudi kazini nilikuwa na barua ya daktari: ninywe maji mara kwa mara, niende haja kila ninapohitaji, nisikae kwenye mashine kupita saa za kawaida. Maana yake hakuna ovataimu. Barua hiyo nilimpa meneja mkononi.

Meneja wetu anaitwa Apakuki. Si mgeni, ni mtu wetu, anaimba besi kanisani kwao na anajua kusema kwa upole. Ukimwona utampenda. Aliisoma barua, akaikunja, akasema pole sana mama Vasiti, afya kwanza. Nikamshukuru, mjinga mimi.

Sasa pale kiwandani kuna ubao ukutani. Unaandikwa jina la mshonaji na kazi aliyomaliza kwa siku. Kwa siku, si kwa saa. Kukiwa na oda ya kusafirishwa, wenzangu wanabaki mpaka giza linaingia, na mimi ikifika saa kumi na moja nachukua mkoba wangu naondoka. Mwenye akili timamu aniambie: aliyeshona mpaka jioni na aliyeshona mpaka usiku, nani ataandikiwa nyingi? Nikawa mkiani kila siku. Halafu kuna kibao cha choo. Laini nzima ina kibao kimoja, ukienda chooni unakivaa shingoni, na mimi na figo zangu nilikivaa kama kidani. Kumari, anayekaa mashine ya pili yangu, alinitania kwamba nikifa watanizika nacho. Tukacheka. Onyo la kwanza lilipokuja tukaacha kucheka.

Onyo lilisema kiwango changu cha kazi kimeshuka. Lililofuata likasema hivyo hivyo. Nikapanda ngazi hadi kwa Apakuki, nikamuuliza kama barua ya daktari aliisoma au aliifungia maandazi.

"Mama, hakuna anayekulazimisha ovataimu," alisema. "Ovataimu ni hiari."

"Basi mbona naandikiwa onyo?"

"Onyo ni la kazi, si la ovataimu. Angalia ubao. Wenzako wanafikisha, wewe hufikishi."

"Wenzangu wanafikisha usiku."

"Na wewe ungebaki kidogo ungefikisha." Akatabasamu kabisa. "Lakini ni hiari yako."

Nilitamani kummwagia chai yake. Nilishuka ngazi, nikakaa kwenye mashine, na kola ya kwanza niliyoshona ikaenda upande. Nikaifumua, nikaishona upya. Halafu ikaja barua ya tatu, ya kuniita kikaoni nieleze kwa nini nisiachishwe kazi kwa utendaji duni. Utendaji duni! Niliyasoma maneno yale kwenye basi mpaka nikapitiliza kituo changu, nikarudi kwa miguu huku nikitukana peke yangu njiani.

Kumari ndiye aliyenipeleka ofisi ya kazi kwa afisa mmoja, Bi Gounder. Mwanamke mfupi, miwani inaning'inia shingoni, hana muda wa maneno matamu. Alizisoma karatasi zangu huku anamalizia roti yake ya mchana, akaniuliza swali moja tu: ule ubao unahesabu kwa siku au kwa saa? Nikamwambia kwa siku. Akajifuta mikono.

"Kesi yako haina ugumu," alisema. "Wanakuhukumu kwa saa ambazo daktari amekukataza kuzifanya. Nitakuja mwenyewe kusimamia kikao. Ila nisikilize, mama. Usikubali kosa lolote. Wakikubembeleza uombe msamaha yaishe, usiombe. Ukiomba umekiri, na ukikiri sina la kukusaidia."

"Mimi kuomba msamaha sijazoea," nikamwambia.

"Naona," akasema, akanifungulia mlango.

Nilitoka pale nimenyanyua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke hospitali nililala usingizi wa kweli, maana niliijua njia: niingie, niseme sijakosa, nitoke na kazi yangu.

Jumapili baada ya ibada wifi yangu Ateca alinibana nimwambie kwa nini nimekonda. Nikamweleza yote: ubao, kibao, maonyo, kikao cha Jumatano ya juma la pili yake. Mambo ya Bi Gounder sikuyarefusha, nilisema tu kuna mama wa serikali ananisaidia. Ateca ana moyo mzuri, lakini habari ikipitia kwake inafika nusu. Alichompelekea mumewe ni kwamba dada yako anataka kufukuzwa, wanasema ni mzembe tangu augue. Basi, hayo tu.

Wewe ungekwenda kumuuliza dada yako kuna nini. Eroni hawezi. Alichoweza ni kile ambacho mwanamume wa kwetu anakiweza. Kwetu, mtu wako akikosana na mkubwa, unakwenda kumwombea radhi. Unachukua fungu la mizizi ya yaqona, unakaa chini mbele ya mwenye hasira, unainamisha kichwa, unalitaja kosa, unaomba lizikwe. Akilipokea fungu akapiga makofi, kosa limezikwa, mnasaga mizizi mnakunywa pamoja, na hakuna wa kulitaja tena. Mwanamke hajisemei katika jambo hilo. Anasemewa na mumewe, na asiye na mume anasemewa na kaka yake. Mume wangu yuko kaburini, kwa hiyo Eroni aliona zamu ni yake.

Alikuwa na mizizi mizuri aliyoikausha mwenyewe na kuiweka darini kwa ajili ya siku Salote atakapohitimu. Aliishusha hiyo. Jumamosi akajifunga kiunoni sulu yake ya kanisani, akamchukua mchungaji wetu awe shahidi, wakaenda nyumbani kwa Apakuki.

Mimi nilikuwa nafua. Ateca alikuja jioni na sahani ya samaki wa kukaanga, uso unang'aa, akaniambia wifi, tulia sasa, yamekwisha. Akanisimulia. Apakuki alipokea fungu kwa mikono miwili, akapiga makofi yale ya viganja vilivyokunjwa, akasema moyo wake umekuwa mweupe. Walikunywa mpaka jua likazama. Maneno yalikuwa mazuri hata mchungaji alitokwa machozi.

"Eroni alisema nini?" nikamuuliza.

"Alisema vizuri sana, wifi. Alisema dada yetu amekosa, amelegea kazini tangu augue, hana mume wa kumwongoza, basi asamehewe."

Niliiweka sahani chini. Hana mume wa kumwongoza. Amelegea kazini. Yale yale ya Apakuki, sasa yametoka kinywani mwa kaka yangu, mbele ya mchungaji, na yaqona ya mwanangu ikayasindikiza. Ng'ambo, kwenye baraza lake, nilimsikia Eroni anakohoa, kikohozi cha mtu aliyeshiba na kuridhika. Mimi mdomo wangu unakitosha kiwanda kizima, na kwa mtu yule mmoja sikuwa na ruhusa ya neno hata moja.

"Mwambie amenichinja," nikamwambia Ateca.

Ateca alianza kulia. Alisema hawezi kumwambia hivyo. Alisema Eroni hajalala tangu Jumapili, chakula alikuwa anakisukuma, na leo ndiyo kwanza amemwona anakula. "Ukimpa neno hilo, wifi, utamuua. Anafikiri amekuokoa."

Nikamwambia basi, usimwambie. Na tangu siku ile nikaanza kujifariji, maana mtu akizama hushika hata povu. Nilijiambia Apakuki ni mtu wetu, amepokea, amepiga makofi, hawezi kulifukua. Jumatatu alinisalimia vizuri mlangoni akaniuliza hali ya kaka. Jumanne hivyo hivyo. Kumari aliponiuliza nimejiandaaje, nilimwambia nadhani kikao kitakuwa cha dakika mbili, watayafuta maonyo, tutarudi kwenye mashine.

Jumatano asubuhi nilipanda ngazi, nikamkuta Bi Gounder ameshafika, ameketi mezani, miwani puani. Apakuki ameketi upande wa pili. Na karibu na mlango, kwenye kiti cha peke yake, ameketi kaka yangu.

Alikuwa amevaa ile ile sulu ya kanisani na shati jeupe nililomshonea mimi mwenyewe Krismasi. Macho ameyatua sakafuni, mikono juu ya magoti. Nilijua kabisa hajui amekuja kufanya nini. Baadaye Ateca aliniambia kwamba Apakuki alimpigia simu, akamwomba aje wamalizie lile jambo lao. Eroni akaoga, akanyoa ndevu, akaja kumalizia.

Bi Gounder alianza na ubao. Aliuliza yale yale, kwa siku au kwa saa, na kama meneja aliiona barua ya daktari. Apakuki akaanza kuzunguka. Akasema kila kiwanda kina utaratibu wake. Bi Gounder akamuuliza kama utaratibu huo unamwadhibu mtu kwa kwenda nyumbani saa ambayo mkataba wake unamruhusu. Kijasho kilimtoka Apakuki, nakiri nilikifurahia. Nikawaza, amekwisha huyu.

Ndipo akaweka mikono mezani, akageuza sauti ikawa ya kanisani.

"Sikupenda kulileta hili, ni jambo la kifamilia," alisema. "Lakini huyu mama mwenyewe anajua amekosa. Familia yake ilikuja kwangu Jumamosi ikakiri. Kaka yake yupo hapa, muulizeni."

Bi Gounder alinitazama. Jicho lile sitalisahau. Kisha akamgeukia Eroni, akamuuliza kwa adabu alisema nini Jumamosi. Eroni alisimama. Alidhani anaombwa ayarudie maneno mazuri, na akayarudia vilevile, kwa sauti ya chini, kwa moyo wake wote: dada yetu amekosa, amelegea kazini tangu augue, hana mume wa kumwongoza, tunaomba asamehewe. Akakaa. Bi Gounder aliandika, na kalamu yake ilisikika chumba kizima.

Nikaomba kusema. Nilisema nikimtazama Bi Gounder peke yake, maana upande wa mlango sikuruhusiwa kutazama.

"Kwetu fungu likipokelewa, kosa limezikwa," nikasema. "Huyu alipokea. Alipiga makofi. Kama ni mila, basi aliniachia Jumamosi na leo hatuna la kuongea hapa. Kama si mila, mwambie aitapike yaqona aliyokunywa, ilikuwa ya mwanangu."

Apakuki hata hakukasirika. "Nilisamehe kama Apakuki," alisema. "Hapa nimekaa kama meneja."

Sijui kama unaielewa sentensi hiyo. Mimi nimeitafuna tangu siku ile na bado haijashuka. Kumbe mtu anaweza kukaa kwenye mkeka wake na kupokea machozi ya mwenzake, kisha akavaa viatu, akayapeleka ofisini yakawe ushahidi.

Bi Gounder alivua miwani. Alisema mila zetu anaziheshimu, amezaliwa Fiji hii hii, mizizi hiyo ameiona ikipelekwa tangu utoto wake. "Lakini makofi sina pa kuyaandika, mama Vasiti. Nilichonacho ni mtu wa familia yako anayesema ulilegea kazini. Kama ni hivyo, siwezi kuuzuia uamuzi wa meneja. Niambie kitu kimoja. Alichokisema huyu bwana ni kweli, au si kweli?"

Hapo ndipo penyewe. Ningesema ni kweli, ningetoka na heshima ya kaka yangu ikiwa nzima, bila kazi, nihamie jikoni kwake. Angenilisha mpaka mmoja wetu afe, tena kwa furaha, wala asijue kamwe ni yeye aliyeniachisha. Ningesema si kweli, mwanamke namkanusha kaka yangu aliyenisemea kwa yaqona, mbele ya wageni, naye ameketi pale pale amevaa shati langu. Sijawahi kusikia mwanamke wa kwetu aliyefanya hivyo. Niliukumbuka ule mgongo wake kwenye matope. Haki ya Mungu niliukumbuka, nikausikia hata unavyopanda na kushuka. Na papo hapo nikakumbuka kibao cha choo shingoni mwangu, na Salote, na yale maneno, hana mume wa kumwongoza.

"Si kweli," nikasema. "Mtu yule hakutumwa na mimi. Kazi yangu haijui, kiwandani hajawahi kuingia. Alisema jambo asilolijua."

Apakuki aliegemea kiti chake. "Kwa hiyo kaka yako alikuja nyumbani kwangu na mchungaji wake, akanidanganya?"

Aliniwekea kisu mkononi kwa makusudi. Alijua dada wa kwetu atarudi nyuma, na mimi nilijua nikirudi nyuma nusu hatua kazi imekwenda. Bi Gounder alikuwa anasubiri, kalamu iko juu ya karatasi.

"Andika hivyo," nikamwambia Bi Gounder. "Alidanganya."

Nikasikia kiti cha mlangoni kinasogea. Eroni aliinuka. Ili atoke ilibidi apite nyuma ya Apakuki, akainama anavyoinama mtu anayepita karibu na waliokaa, mkono mmoja chini, akanong'ona kuomba radhi kwa kupita. Radhi, tena. Akafungua mlango, akaurudisha taratibu usipige kelele, na nikazihesabu hatua zake kwenye ngazi mpaka zikaisha.

Nilishinda. Siku hiyo hiyo maonyo yalifutwa, nikaandikiwa kwamba kazi ni yangu na saa kumi na moja naondoka. Ubao sasa unahesabu kwa saa, na jina langu limepanda, liko katikati na wenzangu. Kumari alileta keki ya nazi, wasichana wakanishangilia, wakasema mama Vasiti simba. Apakuki bado ananisalimia mlangoni kila asubuhi kwa ile sauti yake, ananiuliza hali ya kaka. Naitikia salamu, hilo la kaka sijibu.

Nyumbani hakuna aliyenigombeza. Nani angenigombeza? Eroni hakuwahi kuongea nami, na bado haongei nami, kwa hiyo mgeni akipita hapa kwetu ataona mambo yako vilevile. Lakini hakohoi tena. Zamani alikatiza karibu na mlango wangu kwenda shambani. Sasa anazungukia mtoni kwenye matope, njia ndefu mara mbili, ili asipite. Ateca ananipungia mkono kutoka mbali, akiwa na nguo za kuanika, halafu anaingia ndani. Msumari wa dirishani uko mtupu. Asubuhi nafungua dirisha nautazama, naenda kupanda basi.

Usidhani nimejuta kusema. Ningeulizwa tena kesho ningesema yale yale, maana sikukosa, na nimechoka kuombewa radhi kwa kuugua. Kinachonila ni kwamba na yeye hakukosa. Alinipenda kwa njia pekee aliyofundishwa, na mimi nikamwita mwongo mbele ya mtu ambaye hastahili hata kumshikia kandambili.

Mwezi uliopita, siku ya mshahara, nilishuka sokoni Nausori nikanunua fungu la yaqona, mizizi minene, mizuri kuliko ile aliyoitoa darini. Muuzaji aliifunga vizuri kwa ukili. Aliniuliza nani kakosa nyumbani, nikamwambia mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo, na sikuona ugumu wowote.

Nikampelekea mchungaji, nikamwomba anisemee kwa Eroni. Hakulipokea. Aliniambia kwa upole kwamba siku ile alikaa mkeka mmoja na Eroni, na aliyenenwa kuwa mwongo ni yeye pia, hawezi kujiombea radhi mwenyewe kwa niaba yangu. Tena, akasema, mama unaujua utaratibu, jambo hili ni la mtu wa damu yako.

Utaratibu naujua. Fungu liko juu ya cherehani, nalipangusa vumbi kila Jumapili. Mwanamke hajisemei, anasemewa na kaka yake. Na mimi kaka yangu ni Eroni, sina mwingine.